Mbio za Mwisho wa Mwaka kwa Watu wa Tanga: Ufanye Nini Wiki Tatu za Mwisho

Kila ikifika Oktoba maswali ni yaleyale. "Nimebakiza wiki tatu, niongeze kilomita?" "Miguu mizito tangu mwezi uliopita, nijisukume au nipumzike?" "Baharini niingie saa ngapi?" Anauliza aliyeanza na jogingi ya mtaani Januari, anauliza na yule aliyenunua baiskeli ya mtumba juzi na kujiandikisha triathloni kwa sababu rafiki yake kajiandikisha. Nimeyaweka majibu mahali pamoja.

Jibu la jumla ni hili: ukifika mwisho wa msimu, pumzi uliyonayo ndiyo hiyo. Wiki tatu hazitoshi kukujengea nyingine, ila zinatosha kabisa kukuharibia uliyoijenga. Kazi iliyobaki ni kufika mstarini ukiwa hujachoka, mwili umelizoea joto, na unajua maji yanakwenda upande gani. Nawalenga watu wenye kazi zao wanaokimbia kilomita 10 au nusu marathoni (km 21.1), na wachache wa triathloni fupi, yaani mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za miguu, mfululizo bila mapumziko.

UWE NA HIVI KABLA YA KUANZA

- Raba ulizokwisha kuzizoea. Ukitaka mpya, nunua leo ili zipate wiki tatu za mguuni. Raba ya siku tatu haiendi kwenye mashindano.
- Daftari na saa ya aina yoyote. Simu inatosha.
- Mzani. Kama huna nyumbani, tafuta duka la dawa lenye mzani wa kupimia watu.
- Pakiti kadhaa za ORS, tende, na mafuta ya mgando.
- Kalenda ya ukutani yenye tarehe za mwezi mwandamo. Hii ni kwa wanaoogelea, na umuhimu wake utauona hatua ya 5.
- Kwa triathloni: miwani ya kuogelea isiyoingiza maji, helmeti, tyubu ya akiba, pampu ndogo, na dumu tupu la lita 5 la mafuta ya kula, lile la njano. Dumu si utani.

HATUA YA 1: Jipime uchovu kwanza

Wengi mnaouliza swali la kilomita mmeshachoka bila kujua. Mmekimbia Juni, mkakimbia Agosti, Septemba mkaenda Dar, na kila wikiendi jogingi ya klabu haikuwakosa. Uchovu wa namna hiyo hauonekani siku moja.

Asubuhi ukiamka, kabla hujashuka kitandani, shika mshipa wa mkono na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Andika. Fanya hivyo wiki nzima. Siku ambayo mapigo yamepanda kwa kama saba au kumi juu ya kawaida yako, siku hiyo pumzika au tembea tu. Kisha jiulize maswali matatu: usingizi unakuja vizuri? Chakula kinapanda? Ile njia yako ya kila siku, kasi ileile, inakuhemesha kuliko mwezi uliopita? Ukipata "hapana, hapana, ndiyo", unahitaji wiki nzima ya kulegea kabla ya kuendelea na hatua yoyote hapa chini.

Angalizo: uchovu unaokuja na homa, viungo kuuma na kichwa kugonga usiuite uchovu wa mazoezi. Hapa kwetu kapime malaria kwanza. Kuna watu wanameza dawa ya maumivu na kwenda kukimbia na malaria mwilini, halafu wanashangaa kuishia kitandani.

HATUA YA 2: Chagua shindano moja

Moja. Najua kuna medali, kuna tisheti, kuna picha za kupiga na wenzako wa klabu. Lakini mwisho wa mwaka mbio zinafuatana, na mtu anayekimbia nusu marathoni Jumapili tatu mfululizo hakimbii hata moja vizuri. Shika shindano moja uliite lako. Mengine uliyokwisha kuyalipia, nenda kayakimbie kama mazoezi, taratibu, ukiongea na jirani yako njiani. Kama huwezi kujizuia ukisikia kipyenga, na wengi wetu hatuwezi, baki nyumbani umpe mwingine namba kwa kufuata utaratibu wa waandaaji.

Kati ya nusu marathoni mbili za nguvu, acha angalau wiki tatu au nne. Marathoni kamili hata usiifikirie mara mbili ndani ya miezi mitatu.

HATUA YA 3: Punguza kilomita, kasi kidogo ibaki

Hapa ndipo wanaoanza wanapokosea kwa namna mbili. Wapo wanaoongeza, wakidhani wanafidia siku walizokosa. Na wapo wanaoacha kabisa wiki nzima, wakafika mstarini miguu imelala. Njia iko katikati: umbali unashuka sana, siku za kutoka zinapungua kidogo tu, na vipande vichache vya kasi vinabaki ili miguu isisahau.

Chukua mtu anayekimbia kilomita 40 kwa wiki. Wiki ya tatu kabla ya shindano akimbie kama 32. Wiki ya pili, 24. Wiki yenyewe, kama 13 bila kuhesabu shindano. Kama wewe ni wa kilomita 25, kata kwa uwiano huohuo.

Wiki yenyewe, shindano likiwa Jumapili, ipange hivi:

- Jumatatu: pumziko.
- Jumanne: kilomita 6. Katikati weka vipande vinne vya dakika mbili kwa kasi ya shindano, na dakika mbili za kulegea kati yake.
- Jumatano: pumziko, au kuogelea taratibu.
- Alhamisi: kilomita 4 za kawaida.
- Ijumaa: pumziko.
- Jumamosi: dakika 15 hadi 20 za taratibu, na mikimbio minne ya sekunde 20 ya kuamsha miguu. Basi.

Mbio ndefu ya mwisho, ile ya kilomita 16 au 18, iishe wiki mbili kabla au zaidi. Ukiikosa, umeikosa. Usiihamishie wiki inayofuata.

Katikati ya wiki ya pili utaanza kuhisi vitu: goti linauma kidogo, koo linawasha, mwili mzito. Kwa kawaida ni mwili unaojirekebisha na akili inayotafuta kisingizio. Wenzako wa jogingi nao watakuuliza mbona umekuwa mvivu. Wajibu unavyojua, lakini usiende nao hizo kilomita 15 za Jumamosi.

HATUA YA 4: Zoea joto kabla joto halijakuzoea wewe

Novemba na Desemba Tanga ni vuli: mvua inanyesha usiku, asubuhi jua linatoka, na hewa inakuwa nzito. Jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana kasi uliyokimbia Julai kwa raha, wakati wa kusi na ubaridi wake, sasa inakumaliza.

Wengi wetu tunatoka saa kumi na moja alfajiri, mara tu baada ya swala au kabla ya kwenda kazini, na saa kumi na mbili na nusu tumemaliza. Ni vizuri kwa kazi. Ila mashindano mengi huanza saa kumi na mbili au yanachelewa kidogo (na yatachelewa), na wewe wa saa mbili na nusu za nusu marathoni utamalizia saa tatu, jua likiwa kichwani. Mwili haujawahi kukutana na saa hiyo ukikimbia.

Kwa hiyo, katika wiki ya tatu na ya pili, hamishia mazoezi mawili au matatu ya kila wiki kwenye saa mbili asubuhi au saa kumi jioni. Anza na dakika 30 taratibu, panda hadi 50. Mwili huchukua kama siku 7 hadi 14 za namna hiyo kuzoea. Usiende saa saba mchana ukijiona shujaa, na usijivike sweta ili "utoke jasho sana".

Wakati huohuo pima jasho lako. Jipime uzito kabla ya kutoka ukiwa na nguo chache, kimbia saa moja bila kunywa, jifute, jipime tena. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Ukipoteza lita moja kwa saa, siku ya shindano kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa kunatosha. Kunywa zaidi ya unachopoteza ni hatari. Maji mengi mno yanazimua chumvi ya damu, na mtu anaanza kutapika, kichwa kinauma na akili inachanganyikiwa, huku watu wanamwongezea maji wakidhani ni kiu.

HATUA YA 5: Baharini, fuata mwezi

Wa mbio za miguu tu, ruka hadi hatua ya 7.

Swali la saa ya kuingia baharini halina jibu moja, kwa sababu maji yana saa yake. Lakini kalenda ya ukutani inakupa karibu kila kitu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo, kuna bamvua, yaani maji hujaa sana na kutoka sana, na kilele chake huja siku moja au mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku inayofuata yanasogea mbele kwa kama dakika 50. Ikifika tarehe 7 hadi 9, na tena 22 hadi 24, ni maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana, na saa nne asubuhi unayakuta yamejaa.

Maana yake kwako ni hii. Siku za maji mafu, ogelea saa mbili hadi saa nne asubuhi, wakati yanaingia polepole. Siku za bamvua, ukienda Raskazone saa kumi na mbili asubuhi kama ulivyozoea, utakuta maji yanatoka kwa nguvu na kukuvuta kuelekea mlango wa ghuba. Ukichelewa zaidi, sehemu nyingi utatembea kwenye tope na mawe kabla hujapata maji ya kiunoni. Siku hizo subiri alasiri, saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu, maji yakiwa yamejaa na kutulia.

Ukiwa bado huna uhakika, pita Sahare uwaulize wavuvi.

"Shikamoo mzee. Maji yanakwendaje leo?"

"Marahaba. Yanatoka hayo. Ukiingia sasa utakwenda nayo mpaka kule kisiwani. Njoo alasiri."

Akisema hivyo, usibishane naye kwa programu ya simu.

Sasa lile dumu. Lioshe, funga kifuniko sawasawa, lifunge kamba laini yenye urefu wa kama mita moja na nusu, na ncha nyingine uifunge kwenye mkanda mpana kiunoni, kwa fundo unaloweza kulifungua kwa mkono mmoja. Linaelea nyuma yako, rangi ya njano inaonekana na mashua kutoka mbali, na ukichoka unalikumbatia unapumua. Siku ya shindano huenda hawatakuruhusu nalo, lakini mazoezini usiingie bila hilo, wala usiingie peke yako. Mwenzako asiyejua kuogelea akae ufukweni akiangalia, simu mkononi.

Fanya mambo mawili kila unapoogelea. Kwanza, kila baada ya mikono sita au minane, inua macho tu, siyo kichwa kizima, uone alama uliyoichagua nchi kavu: mnara, mti mrefu, paa. Waliozoea bwawa wanakwenda upande bila kujua, wakaogelea mita 900 za shindano la 750. Pili, ogelea sambamba na ufukwe, usielekee bahari kuu.

Yavuyavu wakikuwasha, toka, suuza kwa maji ya bahari, ondoa nyuzi zake kwa kitu, siyo kwa vidole vitupu, na usisugue mchanga. Ukipumua kwa shida au uso ukivimba, nenda hospitali moja kwa moja.

HATUA YA 6: Baiskeli, kisha miguu papo hapo

Tanga baiskeli si jambo la kushangaza. Ngamiani mtu anakwenda sokoni, msikitini na harusini kwa baiskeli. Tatizo letu ni kwamba tunajua kuendesha baiskeli ya mjini tukadhani tunajua ya mashindano.

Anza na siti. Wengi mmeishusha ili miguu yote miwili ifike chini mkisimama, na ndiyo maana magoti yanauma baada ya kilomita 15. Kaa, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa; mguu unatakiwa unyooke. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo tu, na hapo ndipo pake.

Kisha chumvi. Hewa yetu inakula chuma. Shika cheni kwa kitambaa kikavu, zungusha pedali kinyumenyume mpaka kitambaa kiache kutoa weusi, weka tone la mafuta kwenye kila kiungo, halafu futa tena yale ya juu. Mafuta yakibaki nje yanakusanya mchanga, na mchanga unasaga cheni. Breki uzibane kwa nguvu ukiwa umesimama: baiskeli isisogee. Kagua pia waya wa breki pale unapoingia kwenye ganda lake, kwani huanza kukatika nyuzi moja moja hapo. Ukiona uzi mmoja umechomoza, fundi aubadilishe leo, na ni kazi ya muda mfupi.

Barabarani, wiki hizi nenda asubuhi mapema siku ya Jumapili, msafara wa mtu mmoja mmoja, kushoto. Barabara ya kwenda Pongwe na Muheza ina malori ya saruji na mabasi yanayokimbizana na ratiba, kwa hiyo si mahali pa kujifunzia. Ya kuelekea Pangani ina magari machache zaidi, ila angalia kokoto na maji yaliyotuama baada ya mvua ya usiku.

Zoezi lenyewe: mara moja kwa wiki, katika wiki ya tatu na ya pili, endesha kilomita 15 hadi 20, ushuke, ubadili viatu, na ukimbie dakika 10 papo hapo. Dakika tatu za kwanza miguu itakuwa kama ya mtu mwingine. Usikimbizane nayo, piga hatua fupi za harakaharaka mpaka irudi. Anayekutana na hali hii mara ya kwanza siku ya shindano hudhani amepatwa na ugonjwa.

Jizoeze na kubadilisha. Tandika taulo chini, raba zikiwa zimefunguliwa kamba, soksi zimekunjwa nusu, helmeti juu ya usukani. Weka beseni dogo la maji safi pembeni: chovya mguu, futa katikati ya vidole, vaa. Chembe ya mchanga kwenye soksi inatosha kukutoa lengelenge ukiwa na kilomita mbili tu. Na helmeti ifungwe kabla hujaigusa baiskeli, maana kwenye mashindano mengi kuigusa bila kufunga ni adhabu.

HATUA YA 7: Chakula, bila maajabu

Siku mbili za mwisho ongeza kidogo wali, ugali, viazi, mihogo au chapati, na upunguze mafuta na nyama nzito. Kuongeza kidogo, siyo kula sinia la pilau la watu wanne usiku wa kuamkia mbio. Chakula kikubwa cha mwisho kiwe mchana wa Jumamosi, usiku ule kwa kiasi.

Asubuhi kula saa mbili hadi tatu kabla. Ndiyo, kwa shindano la saa kumi na mbili ni saa tisa na nusu usiku. Chai ya rangi, mkate na asali au viazi vitamu, na ndizi. Mbaazi za nazi na mahamri, ambayo ndiyo staftahi yetu halali, ziache ziwe zawadi yako ukimaliza: mbaazi zinajaza gesi na nazi inakaa tumboni.

Njiani, kama utakimbia zaidi ya saa moja na robo hivi, tafuta kama gramu 30 za wanga kwa saa. Ndizi moja kubwa ina karibu gramu 25. Tende chache zilizotolewa kokwa, kwenye mfuko mdogo wa nailoni, zinafanya kazi ileile. Kashata nayo ni sawa kwenye baiskeli, ila kwenye miguu inahitaji kutafunwa na utapaliwa. Kinywaji ni ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyosema, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi, siyo nusu lita "ili iwe kali". Madafu ni mazuri baada ya mbio, lakini chumvi uliyoitoa kwa jasho hayairudishi ya kutosha.

Lolote utakalokula siku ile uwe umeshalila mazoezini. Ile chupa ya kinywaji cha kuongeza nguvu utakayogawiwa na mdhamini pale mstarini, iweke kwenye begi.

HATUA YA 8: Ukisafiri

Kama shindano ni Dar au Moshi, ondoka stendi ya Kange Ijumaa. Safari ni ya zaidi ya kilomita 300, na miguu iliyokunjwa basini Jumamosi kutwa haifurahii Jumapili alfajiri. Kila basi likisimama, shuka utembee. Baiskeli ikiingia kwenye buti, toa gurudumu la mbele na pedali, funika gia kwa gunia au boksi, na usimamie wewe mwenyewe inapopakiwa ili isilaliwe na magunia ya watu. Punguza upepo kidogo kwenye matairi. Raba, namba na miwani vikae kwenye begi la mkononi, siyo kwenye buti.

HATUA YA 9: Siku yenyewe

Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani, kwenye chuchu na katikati ya vidole. Dada zangu mnaokimbia na mtandio, tumieni kitambaa chepesi kinachokauka haraka, kibanwe bila pini zenye ncha, na kiwe kimeshajaribiwa kwenye mbio ndefu. Kilicholoa jasho huwa kizito na kukaba shingo.

Anza polepole kuliko unavyotaka. Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, alimaliza kwa 2:09:48. Aprili mwaka uleule, kwenye baridi ya Boston, alikuwa amekimbia 2:05:04. Tokyo kulikuwa na joto na unyevunyevu, naye akakaa kundini akisubiri hadi uwanjani, ambako alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ikiwa bingwa wa dunia anakubali kupoteza dakika nne na zaidi kwa sababu ya joto na ushindani, wewe unang'ang'ania muda wako wa Julai kwa nini? Toa sekunde 15 hadi 30 kwa kila kilomita, na nusu ya kwanza ipite ukiwa bado unaweza kusema sentensi nzima.

Kila kituo cha maji chukua vikombe viwili: kimoja cha kunywa kidogo, kingine cha kumwaga kichwani na shingoni. Tembea hatua kumi ukinywa. Hupotezi kitu.

MAMBO YAKIENDA KOMBO

Misuli inabana. Simama, inyooshe taratibu mpaka iachie, kisha rudi kwa kasi ndogo. Mara nyingi sababu ni kuanza mbio kwa kasi usiyoizoea, kwa hiyo chumvi peke yake haitakuokoa.

Tumbo linavuruga. Punguza kasi, acha vitu vitamu kwa dakika 20, kunywa maji kwa mafundo madogo.

Unataka kumeza ibuprofeni au diklofenaki kabla ya kuanza. Usimeze. Kwenye joto, ukiwa umepungukiwa maji, dawa hizo zinaumiza figo. Maumivu yanayohitaji dawa ili uanze yanakuambia usianze.

Hukulala usiku wa mwisho. Ni kawaida, na haiharibu mbio. Usiku muhimu ni wa Ijumaa kuamkia Jumamosi.

Mvua imeshuka na raba zimelowa. Toa soli ya ndani, jaza magazeti, yabadilishe kila baada ya saa mbili, na uziweke penye upepo. Ukizianika juani au karibu na jiko, gundi inaachia.

Mwenzako anayumba, anaongea visivyoeleweka, ngozi inaunguza. Hili ni la dharura na lisisubiri gari. Mlaze kivulini, mvue nguo za juu, mmwagieni maji baridi mengi mwili mzima huku mkimpepea, na weka barafu shingoni na kwapani mkiipata. Msimlazimishe kunywa. Mpozeni kwanza, kisha hospitali.

Lengelenge limetokea katikati ya wiki. Kama haliumi, liache. Kama limejaa, toboa pembeni kwa sindano iliyopitishwa motoni, kamua, usiibandue ngozi, funika.

Umemaliza, na sasa unataka Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari. Wiki ya kwanza usikimbie kabisa: tembea, ogelea maji yakiruhusu, lala. Wiki ya pili toka mara tatu, dakika 30 kila mara. Kuanzia ya tatu ndipo urudishe kilomita, kidogokidogo. Na kwa kuwa Moshi kuna miinuko ambayo mjini kwetu hatuna, kuanzia Januari panda gari mpaka Muheza, mara moja kila wiki mbili, ukakimbie barabara ya kupanda Amani.